Dhahabu Yangu Iligeuka Buluu Kisimani kwa Babu

Maji ya kisima cha msikiti wa kijijini kwetu, upande wa Msambweni, yaligeuza dhahabu yangu kutoka nyekundu kuwa buluu mbele ya wanawake waliokuja kuchota, na mpaka leo sijui kama buluu ile ilikuwa ya risasi au ya chumvi. Nasema risasi kwa maana ya ile metali nzito iliyomo ndani ya betri za magari, ambayo huingia mwilini polepole na kumdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kuitafuta metali hiyo ndani ya maji. Nimestaafu, na kisima alichokichimba babu yangu kimenishinda.

Nyinyi vijana mnaosoma kemia mmekuwa mkiniuliza niwape siri za kazi hii. Nitawapa nilizonazo. Msitarajie ziwafurahishe.

Tuanze na dhahabu yenyewe. Dhahabu mnayoijua ni ya njano, ya mikufu na ya bangili za bibi arusi. Ukiivunjavunja ndani ya maji mpaka ikawa chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba hadubini ya shuleni haiwezi kuziona, haibaki njano. Huwa nyekundu kama punje ya komamanga. Hiyo si rangi ya kutiwa, ni namna chembe hizo zinavyoumeza mwanga. Chembe zikikaa mbalimbali, maji ni mekundu. Zikikaribiana na kushikana, maji huwa zambarau, kisha buluu. Basi ukizivisha chembe zako kitu kinachopenda risasi, risasi ikiwemo majini itazivuta pamoja, na mtu asiyejua kusoma ataona rangi imebadilika. Ndiyo kazi niliyoifanya. Chombo chetu kikubwa ni spektrometa, mashine inayopitisha mwanga ndani ya maji na kukuambia ni mwanga gani uliomezwa na kwa kiasi gani. Jicho linaona buluu. Mashine inakuambia buluu hiyo ni ya nani.

Aliyenifundisha kuzipika chembe hizo ni Mwalimu Odera, mtu wa Ziwa, mrefu, aliyekuwa akiingia maabara Nairobi bila kusalimu na kuanza kunusa vyombo. Mara yangu ya kwanza nilichemsha maji ya dhahabu, nikatia dawa yake, nikasubiri wekundu. Kikatoka kitu cha kijivu kama maji ya kuoshea sufuria.

"Uliosha chupa na nini?" akaniuliza.

"Na sabuni, mwalimu. Nimeisugua sana."

"Basi umepika supu ya sabuni. Kunywa."

Nikadhani anatania. Alisimama palepale akiniangalia mpaka nikamwaga. Baadaye akanionyesha namna ya kuosha kwa mchanganyiko wa asidi mbili unaoweza kuyeyusha hata pete, kisha kusuuza kwa maji safi mpaka mkono uchoke, kisha kusuuza tena. Alikuwa na neno lake: dhahabu haina subira na mtu mchafu. Mimi nimetoka kwenye nyumba ambako mtu hasali bila udhu, na nilimwelewa upesi kuliko wenzangu. Wao walimwona mkali tu.

Jambo jingine alilonifundisha ni hili, nanyi lishikeni: usiiulize mashine imeona nini kabla hujaiuliza ni kitu kidogo kiasi gani inachoweza kukiona. Wakati ule nililiona neno la mwalimu tu, la kuandikwa kwenye mtihani. Sasa naliona ndilo jambo zito kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mtu.

Kazi hii ina vichekesho vyake. Niliwahi kurudi kutoka mkutano wa Tanga na chupa moja ya chembe zangu kwenye mkoba. Pale mpakani Lunga Lunga afisa kijana akaitoa, akaiinua juani.

"Mama, hii ni nini?"

Ningeweza kusema dawa. Nikasema kweli. "Ni dhahabu, mwanangu."

Akaiangalia, akaniangalia, akamwita mwenzake. "Njoo umwone mama, amebeba dhahabu ya kunywa."

Wakaniketisha kwenye benchi. Nikawaeleza kwamba dhahabu iliyomo humo ni haba kuliko iliyo kwenye jino la mzee mmoja. Mkubwa wao akaja, mtu mzima wa Vanga, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Hivi umesoma miaka yote hiyo ili uifanye dhahabu iwe ndogo?"

"Ndiyo."

"Mwacheni aende," akawaambia. "Mwizi ana akili kuliko hivi."

Nilicheka mpaka Msambweni. Siku hizi swali lake linanijia nikiwa peke yangu, na sioni cha kuchekesha.

Nilipoacha Nairobi na kurudi pwani kufundisha katika chuo kimoja cha huku, tulipewa spektrometa nzuri. Ilikuwa ya pekee upande wetu, na niliitunza kama mgonjwa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula vioo vya ndani vya mashine, vile vinavyourusha mwanga kutoka pembe moja hadi nyingine. Niliweka punje za kukausha unyevu ndani ya soksi za mtoto, nikazitundika ndani ya kifuniko. Nilikataza madirisha kufunguliwa upepo ukivuma. Nilikataza chai. Nilikataza hata mafuta ya nywele yenye harufu.

Sikukumbuka kukataza udi.

Walikuja wageni wa kuifungua mashine rasmi. Mimi nilikuwa nimeenda Ukunda kuwapokea pale Kona ya Musa, wasipotee njia. Akina mama wa chuo, kwa heshima zao, wakaona chumba kile kinanuka dawa, na mgeni wa kwetu hapokewi kwenye harufu ya dawa. Wakaleta chetezo, wakafukiza udi na ubani, na ili harufu ikae wakafungua kifuniko cha mashine na kukiweka chetezo karibu kabisa, kama mtu anavyofukiza kanzu. Tulipoingia chumba kilinukia kama nyumba ya arusi. Wageni wakasifu. Mimi nikaona utando mwembamba wa moshi kwenye kioo cha kwanza, na nikatabasamu mpaka wakaondoka.

Utando wa udi ni mafuta, na kioo cha aina ile hakifutwi, ukikifuta umekikwaruza. Mashine iliendelea kufanya kazi kama mzee mwenye mtoto wa jicho. Ilikuwa ikiona nyekundu na buluu, lakini mwanga ule usioonekana kwa macho haikuuona tena vizuri. Sikumlaumu mtu. Ningewaambia nini? Kwamba wamewaheshimu wageni kupita kiasi? Chumvi ikamaliza kilichobaki. Nilipostaafu, mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake kuna kalenda.

Nikarudi kijijini na kikapu cha vyombo na chupa za mwisho za chembe nilizozipika mwenyewe, nikaziweka kwenye friji ya kaka yangu Bakari, nyuma ya maziwa. Nilifikiri nimemaliza.

Kaka Bakari ndiye msimamizi wa kisima. Kwa msiojua desturi yetu: babu yetu alikichimba kisima kile akakitoa wakfu, sadaka inayoendelea. Kila anayekunywa, kila anayetia udhu, thawabu zinamfikia babu kaburini. Baada yake alisimamia baba, sasa ni Bakari. Kazi yake ni kuhakikisha kamba iko, ndoo iko, na hakuna anayezuiwa. Kukifunga kisima cha wakfu si sawa na kukifunga bomba. Unamkatia marehemu.

Nyuma ya msikiti, umbali wa kuitana, pana mahali wavuvi wanapoyeyusha risasi tangu nikiwa msichana. Wanachukua betri mbovu za magari, wanamwaga maji yake mchangani, wanazivunja, wanayeyusha zile bati za ndani kwenye sufuria kuukuu na kumimina vipande vya chubwi vya kuzamishia nyavu. Hakuna aliyeona ubaya, na nyavu haziwezi kuelea. Nilipita pale mara ngapi nikielekea kupanda gari la kwenda chuoni kufundisha habari za risasi.

Mwanasha ndiye aliyenifanya nisimame. Ni binti wa Bakari, ameolewa palepale kijijini. Mimba zake za mwanzo ziliharibika, zote, na aliposhika nyingine alikuja kuniamkia, akakaa kwenye kigoda.

"Shangazi," akasema, "wewe si ndiye daktari wa maji?"

"Daktari nisiyetibu, mwanangu."

"Siombi unitibu. Nataka unipimie kisima. Watu wanasema nina jicho la mtu. Mimi nayawaza yale masufuria ya wavuvi."

Basi tukaenda. Nilichukua chembe zangu, na nilichukua maji ya mvua kwa ajili ya kulinganisha, maana hakuna kipimo bila kitu cha kulinganisha nacho. Wanawake wakakusanyika na ndoo zao. Kabla sijaanza nikawaambia kwa sauti: rangi ikibadilika, msihukumu, maana chumvi nayo huzishikanisha chembe hizi, na chokaa ya matumbawe pia, na visima vya pwani vina vyote viwili. Wakaitikia, ndiyo, Bi Daktari. Nikatia maji ya mvua, wekundu ukabaki. Nikatia maji ya kisima. Ikawa zambarau, na kabla sijaishusha chupa ikawa buluu kama kitenge kipya.

Niliyoyasema mwanzo hakuna aliyeyakumbuka. Mmoja akamwaga ndoo yake chini. Mwingine akamvuta mtoto wake kwa mkono. Mwanasha aliishika kamba ya kisima kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka. Vijana, jifunzeni hili: uso wako utatangaza jibu kabla ya mdomo wako. Wangu ulitangaza.

Jioni Bakari alikuja barazani kwangu. Yeye ni mtu wa maneno machache.

"Tumu, wamefunika kisima kwa mabati. Watu wanakwenda kuswali bila udhu wa kutosha. Kuna sumu?"

"Huenda ipo, kaka."

"Sikuulizi huenda. Una yakini?"

"Sina."

"Basi sheria tunaijua sote tangu chuo cha Kurani. Maji asili yake ni safi. Yakini haiondolewi kwa shaka."

"Na mtoto wa Mwanasha?"

Huyo ni mjukuu wake. "Nipe yakini," akasema, "nami nitakifunga kwa mkono wangu, babu anisamehe. Lakini nipe yakini."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali zuri la kisayansi kama hilo, wala niliyewahi kumwangusha vibaya zaidi. Asubuhi nilikwenda kwenye kisima kingine, njiani kuelekea Mkongani, ambako hapajawahi kuvunjwa betri. Buluu. Nilikwenda kingine karibu na ufuo. Buluu. Nikayazimua maji ya kisima chetu kwa maji ya mvua mpaka chumvi ikaacha kusumbua, na wekundu ukarudi. Lakini nikiizimua chumvi, na risasi nimeizimua, nikawa natafuta sindano baada ya kuitupa mwenyewe baharini. Chembe zangu, kazi yangu yote, ziliweza kuniambia jambo moja tu: kwamba haya ni maji ya pwani.

Ilibaki mashine. Si ya aina yangu, bali ile inayoyachoma maji kwenye moto na kuutazama mwanga wa atomu zenyewe, ambayo haidanganywi na chumvi kirahisi. Nikapeleka chupa kwenye maabara moja Mombasa. Jibu likaja kwenye simu ya Bakari, kwa kuwa ndiye msimamizi, nalo lilikuwa neno moja: haikuonekana.

Baada ya swala ya adhuhuri alilisoma msikitini. Mabati yakaondolewa. Mtu mmoja akanipitia mlangoni akanitania kwa upole, "Bi Daktari, dhahabu yako ina woga." Nikapiga simu Mombasa, nikauliza swali la Mwalimu Odera: mashine yenu inaweza kuona kidogo kiasi gani? Kijana wa upande wa pili akatafuta, akanitajia. Nikakaa kitako. Kiasi kidogo kabisa ambacho mashine yao inakiona ni kikubwa kuliko kiasi kinachoweza kumdhuru mtoto. Walichungulia baharini kutoka juu ya mlima wakasema hawajaona dagaa.

Nikaenda kwa Bakari. Nikamweleza kwamba haikuonekana si sawa na haimo.

"Sawa," akasema. "Na iliyomo umeiona?"

"Sijaiona."

"Wao hawajaiona. Wewe hujaiona. Sasa mimi niifunge sadaka ya babu kwa kitu ambacho hakijaonwa na yeyote?"

"Kaka, wavuvi je? Huwezi kuwaambia wahame?"

"Nimewaambia. Wameniuliza kama nina yakini."

Aliongea bila hasira. Ningefurahi angekasirika.

Nairobi, kwenye maabara niliyofundishiwa, wana mashine inayoona hata kiasi kidogo sana. Nilipeleka chupa huko, nimeitia tone la asidi kama inavyotakiwa, maana bila asidi risasi hujishika kwenye ukuta wa chupa na maji yakaonekana hayana hatia. Mashine ile huwekewa taa tofauti kwa kila metali inayotafutwa. Fundi wa pale, kijana mwema, aliniambia ukweli.

"Madam, taa ya shaba iko. Ya chuma iko. Ya risasi iliungua."

"Iliungua lini?"

"Mimi nimeikuta imeungua."

"Mmeagiza?"

"Tumeandika maombi. Watu wa manunuzi wanasema tungoje maombi mengine yafike ili waagize pamoja."

Nampigia kila wiki. Tumeshazoeana, ananiuliza hali ya joto huku. Chupa iko kwenye friji yao, ina jina langu. Mwalimu Odera amekufa. Wale niliosoma nao wako ng'ambo, na niliowaandikia wameniambia maji yakivuka mpaka yanahitaji vibali, nami vibali ninavisubiri pia.

Mnaniuliza kazi hii ina faida gani. Nimekaa na swali hilo kuliko nyinyi. Nilidhani nikipata chombo ambacho mtu asiyesoma anaweza kukiamini kwa macho yake, nitakuwa nimewasaidia watu wa kwetu. Nimewapa chombo, wamekiamini kwa siku chache, na kilikuwa hakistahili kuaminiwa. Kisha nikawaletea jibu la mashine, wameliamini, nalo halistahili. Kati ya hayo mawili mimi ndiye niliyebaki sina neno linalosikika. Sijui ningefanya nini tofauti. Ningejua, ningewaandikia hapa kwa herufi kubwa.

Jambo moja nililoliweza ni kumzuia Mwanasha. Nilimwambia asinywe maji ya kisima, ayatumie kwa kufua tu. Mvua zimekatika, basi nikamfanyia mpango na muuza maji wa mkokoteni, awe anampelekea mitungi mlangoni, nikidhani maji yake ni ya mbali. Akatii, ingawa wenzake walimcheka kwamba anajifanya mgeni wa hoteli za Diani, kisima kipo jirani na yeye analetewa maji.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtazama. Tumbo limeshuka, hana siku nyingi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, akaniamkia bila kuinuka, nami nikamwambia asiinuke. Chembe zilizobaki zilikuwa kidogo sana, hazitoshi ila kwa kipimo kimoja. Sijui kwa nini nilikuwa nazo mkobani. Nikachota maji ya mtungini kwake kwa kijiko, nikayatia.

Buluu.

Muuza maji nilimkuta njiani anasukuma mkokoteni.

"Shikamoo, Bi Daktari."

"Marahaba, baba. Haya maji unachota wapi?"

"Kisimani."

"Kisima kipi?"

"Chenye maji," akasema, wala hakuwa anatania. "Kiangazi hiki si vyote vina maji. Siku nyingine Ukunda, siku nyingine kwa watu, siku nyingine pale kwenu msikitini, hapana foleni siku hizi."

"Na ya jana kwa Mwanasha?"

Akasimama akafikiri kwa uaminifu kabisa, mikono juu ya mpini. "Ya jana," akasema, "Wallahi sikumbuki."

Nikarudi kwa Mwanasha. Alikuwa amemaliza mchele na amepika. Alinikaribisha chakula, akanimiminia maji kwenye bilauri, akajimiminia na yeye.

"Vipi, Shangazi, umeonaje?" akaniuliza.

Nilimwambia bado sijajua. Ndiyo kweli yote. Yeye akanywa. Taa ya risasi ya Nairobi, nilipopiga simu leo asubuhi, ilikuwa bado haijaagizwa.